Msanifu Aliyepitwa na Ndege

Mwaka 1934, aliyetaka kupanda ndege kutoka kisiwa cha Jersey kwenda Uingereza aliuliza kwanza habari za bahari. Kisiwa hicho kidogo kipo karibu na pwani ya Ufaransa, na maji yake hayana masihara: wakati wa bamvua tofauti ya kupwa na kujaa hufika mita 12. Mkazi wa Unguja, aliyezoea mita nne hivi, angeyaogopa. Na uwanja wa ndege ulikuwa hapo hapo maji yalipokuwa yakija na kuondoka, kwenye mchanga wa West Park, pembeni mwa mji wa St Helier.

Jersey Airways walianza safari tarehe 18 Desemba 1933. Ndege zao aina ya Dragon zilitengenezwa kwa mbao na kitambaa, na kila moja ilibeba abiria wanane hivi. Ratiba ilisogezwa siku hadi siku kwa kufuata maji. Kwa kuwa muda wa mchanga mkavu ulikuwa mfupi, ndege zilikuja kwa kundi, zikatua moja nyuma ya nyingine na kupangana ufukweni kama ngalawa zilizorudi kuvua. Abiria walishuka mchangani, wengine wakapanda, mizigo ikahamishwa mbiombio, na kundi zima likaondoka kabla bahari haijarudi kudai pahala pake.

Hali hiyo haikuweza kudumu. Wenye kisiwa wakaamua kujenga uwanja wa kweli juu ya nyanda za parokia ya St Peter, na kazi ya kuchora jengo la abiria wakampa Mwingereza aitwaye Graham Dawbarn. Lilifunguliwa tarehe 10 Machi 1937: jengo la zege lenye sehemu ya kati iliyoinuka na mabawa mawili ya chini, moja kila upande. Jina la Dawbarn halitajwi pamoja na majina makubwa ya usanifu wa karne ya 20. Hata hivyo, ukiifuata kazi yake utaona jinsi usafiri wa anga ulivyomfundisha mtu mmoja namna ya kujenga, na jinsi somo hilo lilivyokwenda mbali kuliko viwanja vyenyewe.

1919–1929: Mameya wapandishwa angani

Dawbarn alizaliwa mwaka 1893 na kusoma Chuo Kikuu cha Cambridge. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya kazi Hong Kong katika idara ya serikali ya ujenzi, kisha akarudi Uingereza. Alirudi wakati ambapo fani aliyokuja kujulikana kwayo ilikuwa bado haijazaliwa.

Safari za ndege za kila siku kati ya London na Paris zilianza Agosti 1919, lakini kwa miaka kadhaa abiria walipokewa kwenye vibanda na mabanda yaliyoachwa na jeshi. Hakuna aliyejua jengo la abiria wa ndege linapaswa kufanana na nini. Lifanane na stesheni ya treni? Na hoteli? Na gati la bandari? Jibu la kwanza lenye uzito kwa Uingereza lilikuwa Croydon, kusini mwa London, ambako mwaka 1928 kulifunguliwa jengo lenye ukumbi wa abiria na mnara wa kuongozea ndege. Lilikuwa jengo zuri, ila kwa sura lilifanana na benki iliyojengwa pembeni ya malisho.

Aliyeleta msukumo hakuwa msanifu bali rubani. Alan Cobham, aliyekwisha kuruka kutoka London hadi Cape Town na kurudi, aliona kwamba nchi haitapata usafiri wa anga bila miji kuwa na viwanja. Mwaka 1929 akazunguka Uingereza na ndege yake, akatembelea miji 110 na kuwapandisha mameya na madiwani waione miji yao kutoka juu. Ilikuwa kampeni ya ujanja mtupu: diwani akishashuka na kuwasimulia wenzake alivyoliona paa la nyumba yake, kura ya kununua shamba la uwanja huwa imeshapatikana. Nje ya Uingereza pia njia zilikuwa zikifunguka. Mwaka 1931 Imperial Airways walifika Mwanza, na mwaka uliofuata njia hiyo ikaendelea mpaka Cape Town.

Miji ilihitaji mtu wa kuishauri ijenge wapi, kwa ukubwa gani, na nani akae wapi ndani ya jengo. Washauri wa namna hiyo walihesabika.

1929–1937: Heston na ubia

Wawili kati yao walikuwa Nigel Norman na Alan Muntz. Mwaka 1928 waliunda kampuni ya Airwork, na Julai 1929 wakafungua uwanja wao binafsi huko Heston, magharibi mwa London. Norman alikuwa mhandisi na rubani, mtoto wa ukoo wenye cheo cha ubaroneti, na mtu asiyeridhika na vya kubahatisha. Heston ikawa mahali pa kujaribia mambo: mabanda ya zege, mnara wa kuongozea ndege, taa za kutulia usiku. Huko ndiko baadhi ya ndege za Jersey zilipokuwa zikitokea kwenda kutua mchangani.

Norman alijua ndege. Dawbarn alijua majengo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 walikwenda Marekani kuvitazama viwanja vya huko, ambako barua na abiria vilikuwa vinasafirishwa kwa wingi kuliko Ulaya. Wakaungana kibiashara, na baadaye kampuni yao ikajulikana kwa majina mawili tu, Norman na Dawbarn.

Mafundisho waliyoyashika yanaonekana leo kuwa mambo ya kawaida, na hiyo ndiyo dalili kwamba yalishinda. Kwanza, jengo la uwanja wa ndege ni njia kabla ya kuwa nyumba. Abiria anayeondoka asigongane na anayefika. Mzigo usipite pale anapopita mwenye mzigo. Msindikizaji na mtazamaji wapate pahala pao wasiingie njiani mwa wote wawili. Pili, jengo lichorwe likijua kwamba litaongezwa. Mwaka 1930 hakuna aliyeweza kubashiri abiria wa 1940, kwa hiyo msanifu aliyechora kitu kilichokamilika, kisichokubali kiungo kipya, alikuwa amekichorea kifo chake. Ndipo mabawa yakawa na maana zaidi ya kuiga umbo la ndege, kwa kuwa bawa huweza kurefushwa bila kuigusa sehemu ya kati.

1939: Mabawa ya Elmdon

Kazi yao iliyojieleza vizuri zaidi ni ya Birmingham. Jiji hilo la viwanda liliwapa uwanja wa Elmdon, na safari zikaanza Mei 1939. Jengo ni refu la ghorofa kadhaa, mnara ukiwa juu yake. Kila ubavu limechomoza paa kubwa la zege lisilo na nguzo hata moja nchani.

Nguzo ziliachwa kwa makusudi. Dawbarn alitaka ndege isogee mpaka chini ya paa, abiria atoke mlangoni na kupanda bila kuloweshwa na mvua ya Uingereza. Ndege aina ya Dragon Rapide, iliyokuwa kawaida kwenye njia za ndani, ilikuwa na upana wa mita 14 na kitu kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine. Nguzo moja tu mahali pabaya ingelichana. Kwa hiyo uzito wote wa paa ulirudishwa kwenye jengo lenyewe, nondo na zege vikashikilia kilichoning'inia nje. Mtu akisimama uwanjani na kulitazama, huona ndege kubwa ya zege iliyokunjua mabawa. Na lilikuwa pambo lenye kazi, jambo ambalo majengo mengi ya enzi ile hayawezi kujivunia.

Ufunguzi rasmi ulifanywa na Duchess wa Kent tarehe 8 Julai 1939. Alifuatana na Waziri Mkuu Neville Chamberlain, mwenyeji wa Birmingham. Kuwepo kwake kulikuwa na kejeli yake. Miezi tisa hivi kabla, Septemba 1938, Chamberlain alikuwa ametua Heston akitokea Munich, akainua mbele ya umati karatasi aliyotia saini yeye na Hitler. Heston wakati huo ilikuwa imeshauzwa kwa Wizara ya Anga, lakini ilikuwa ni Heston ile ile ya Norman. Kwa hiyo mwanasiasa huyo alisimama kwenye viwanja viwili vinavyohusiana na watu hao hao: kimoja akiahidi amani, kingine ikiwa imebaki chini ya miezi miwili vita vianze.

1939–1945: Viwanja vyabadili wenyewe

Vita vilipoanza, Elmdon ikachukuliwa na serikali. Marubani wakafundishwa hapo, na ndege za kulipua mabomu aina ya Stirling na baadaye Lancaster, zilizoundwa na viwanda vya Austin, zikaunganishwa na kujaribiwa huko. Uzito wao haukustahimiliwa na uwanja wa majani, na barabara ngumu za kurukia zikajengwa.

Visiwani mambo yalikwenda vibaya zaidi. Guernsey nayo ilikuwa imepata uwanja wake Mei 1939. Mwaka mmoja na ushei baadaye, tarehe 30 Juni 1940, waliotua hapo walikuwa Wajerumani. Kesho yake wakaingia Jersey. Viwanja vilivyojengwa ili visiwa visikatike na Uingereza vikawa mlango alioutumia adui, akavikalia visiwa hivyo mpaka Mei 1945.

Norman mwenyewe alirudi jeshini. Alikuwa miongoni mwa maofisa wa anga walioanzisha mafunzo ya askari wa miavuli katika uwanja wa Ringway, Manchester, na mwaka 1942 akakabidhiwa kikosi cha anga nambari 38 kilichosafirisha askari hao. Tarehe 19 Mei 1943 alikuwa safarini kuelekea Afrika Kaskazini. Ndege yake aina ya Hudson ilianguka Cornwall muda mfupi baada ya kuruka, naye akafa.

Dawbarn akabaki na kampuni iliyobeba majina mawili, lakini yule aliyejua ndege hakuwepo tena. Pengine hapo ndipo kazi yake ilipogeuka, ingawa njaa ya nyumba peke yake ingetosha kuigeuza. Damu ya Norman, hata hivyo, haikuacha anga. Mwanawe Desmond alikuja kuwa mmoja wa waundaji wa Islander, ndege ndogo ya injini mbili iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1965. Ndiyo hiyo iliyozoeleka kwa wasafiri wa visiwa na mbuga za Afrika Mashariki, na ndiyo iliyokuja kuhudumu pia kati ya viwanja vya Jersey na Guernsey.

1945–1951: Kwanza watu walale

Mabomu yaliharibu au kubomoa zaidi ya nyumba milioni moja London. Vita vilipokwisha, hakuna aliyezungumzia ukumbi wa abiria. Familia zilikuwa zinalala kwa jamaa, kwenye vyumba vya kupanga vilivyopasuka kuta, au kwenye nyumba za muda zilizoletwa zikiwa vipande. Serikali ya chama cha Labour ilizitaka halmashauri zijenge, huku chuma, mbao na hata ruhusa yenyewe ya kujenga vikitolewa kwa kipimo.

Kampuni ya Dawbarn ilipata kazi ya kuchora fleti kando ya St Pancras Way, kaskazini mwa jiji, zikajengwa kati ya 1946 na 1948. Yalikuwa makazi ya halmashauri, ya watu wa kipato cha kawaida, katika mtaa wa reli na maghala.

Kisha ikaja Lansbury. Mwaka 1951 Uingereza iliandaa tamasha kubwa la taifa, na pamoja na maonyesho kando ya mto Thames ikaamuliwa kwamba mtaa mzima uliobomolewa huko Poplar, mashariki mwa London, ujengwe upya uwe maonyesho ya usanifu. Mtaa ukapewa jina la George Lansbury, meya wa zamani wa Poplar na kiongozi wa Labour. Wasanifu kadhaa waligawiwa sehemu, na kampuni ya Norman na Dawbarn ikawa mmoja wao. Hali ilikuwa ya ajabu kidogo: watazamaji wakikata tiketi kuja kuangalia, huku wapangaji wa kwanza wakiwa wameshaanika nguo zao.

Wahakiki wengine waliziona nyumba za Lansbury kuwa za kipole mno, matofali tu na mapaa ya mteremko, zisizo na ujasiri. Wapangaji walihesabu mengine: bafu, jiko la ndani, mlango wa kufunga.

1949–1960: Alama ya kuuliza

Kazi iliyomletea Dawbarn sifa ya kudumu haikuwa ya ndege wala ya makazi. Mwaka 1949 BBC walinunua eneo la ekari 13 hivi huko White City, magharibi mwa London, lililobaki kutoka viwanja vya maonyesho ya 1908, wakataka kujenga kituo cha televisheni kuanzia msingi. Dawbarn akapewa maelezo ya kurasa 50 ya kila kilichohitajika. Eneo lenyewe lilikuwa la pembetatu, umbo ambalo humtoa msanifu jasho.

Inasimuliwa kwamba aliingia baa kufikiri, akachora pembetatu ile juu ya bahasha, na kwa kukosa la kuchora ndani yake akaweka alama ya kuuliza. Akaitazama. Ndipo akaona kwamba alama hiyo ndiyo mchoro wenyewe.

Hadithi hiyo imependwa mno, na kwa mapenzi hayo watu husahau sehemu iliyo muhimu. Bahasha ingeweza kumwangukia msanifu yeyote, lakini kuyaona ndani ya alama ile aliyoyaona Dawbarn kulihitaji miaka kumi na tano ya viwanja vya ndege. Duara la kati lingekuwa la wasanii, mitambo na ofisi. Studio zingepangwa kulizunguka duara kwa nje, kila moja ikiwa na mlango upande huu na mlango upande ule. Mwigizaji angeingia kwa ndani. Mandhari ya jukwaani, yaani kuta za kuigiza, milango na miti ya karatasi, vingefika kwa barabara ya nje inayozunguka studio zote. Hawakutani mpaka studioni. Mkia wa alama ya kuuliza ulikuwa akiba ya kupanukia. Tofauti na Elmdon ni kwamba huku abiria alikuwa mwigizaji na mzigo ulikuwa sebule ya kuigiza.

Utekelezaji ulikwenda kwa kusuasua. Serikali ilibana fedha na vibali vya ujenzi, na kwa muda kilichoendelea kilikuwa jengo la mandhari tu. BBC walijihifadhi kwenye studio za filamu za Lime Grove walizozinunua zikiwa za muda, wakakaa humo zaidi ya miaka 40. Studio ya kwanza ya White City, nambari 3, ilianza kazi tarehe 29 Juni 1960. Katikati ya duara ikasimamishwa sanamu ya Helios, mungu wa jua wa Wagiriki, kazi ya mchongaji T. B. Huxley-Jones. Wasikilizaji wa Idhaa ya Kiswahili, iliyokuwa hewani tangu 1957, wasidhani sauti ile ilitoka humo. Watangazaji wake walikuwa Bush House, katikati ya jiji.

Mona na Mlimani

Wakati hayo yakiendelea, Dawbarn alikuwa pia na kazi ya mbali. Mwaka 1948 ulianzishwa Chuo cha West Indies huko Mona, Jamaika, kikianza na wanafunzi 33 wa udaktari. Waliwekwa kwenye mabanda ya mbao yaliyojengwa kwa ajili ya wakimbizi wa Gibraltar wakati wa vita. Ramani ya chuo kipya aliichora Dawbarn, kwenye ardhi iliyokuwa shamba la miwa. Hapo adui hakuwa mvua peke yake bali jua, na majengo yalihitaji vivuli na upepo wa kupita.

Kampuni yake ilifika pia Tanganyika. Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilizaliwa Oktoba 1961 na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Serikali ikatoa kilima nje ya mji, na Norman na Dawbarn ndio waliochora chuo cha Mlimani ambacho wanafunzi walihamia mwaka 1964. Aliyesoma pale anajua miguu inavyokumbuka mteremko, na anaijua njia ya kwenda Ukumbi wa Nkrumah, ambao uliwahi kuchapwa nyuma ya noti ya shilingi 500. Chuo kikashika kilima na kukua kwa kufuata mgongo wake.

Baada ya Dawbarn

Elmdon ilirudishiwa abiria wa kawaida Julai 1946, na papo hapo ikajulikana kwamba mabawa yake yamepitwa. Ndege aina ya Dakota, iliyotapakaa dunia nzima baada ya vita, ilikuwa na upana wa takriban mita 29, mara mbili ya Rapide. Haikuweza kuingia chini ya paa lile. Abiria walirudi kutembea mvuani, na paa lililomgharimu mhandisi hesabu nyingi likabaki bila kazi liliyochorewa. Birmingham ilihamia jengo jipya, ng'ambo ya uwanja, mwaka 1984.

Dawbarn alifariki mwaka 1976. Majengo yake yalianza kuheshimiwa kisheria baadaye sana: duara la White City na studio nambari 1 viliorodheshwa kuwa urithi mwaka 2009, na Elmdon ikafuata mwaka 2018.

Orodha hiyo haikuwazuia BBC kuondoka. Waliliuza eneo la White City mwaka 2012 kwa paundi milioni 200 hivi, wakatoka mwaka uliofuata. Wanunuzi walihifadhi studio tatu, ambazo zilirudi kazini mwaka 2017. Duara lenyewe, zile ofisi na vyumba vya mitambo vinavyomzunguka Helios, wakaligeuza kuwa fleti. Ukuta wa nje uliopindika uliachwa ulivyo. Ndani zikapigwa kuta mpya, kila kipande kikawa sebule, chumba na jiko. Bei zake hazikaribiani na kodi iliyokuwa ikilipwa St Pancras Way mwaka 1948.